Mahameli ya Bwana Saadun

Bwana Saadun, mwenye nyumba aliyempangisha fundi Mwajabu chumba cha kushonea, alileta kitambaa cha mahameli akitaka koti la kuvaa kwenye harusi ya bintiye. Majirani wawili walikuwa wamekaa mlangoni.

"Mafundi mnapanga vipande ovyo kusudi mbaki na kitambaa," alisema. "Safari hii chote nikione ndani ya koti. Nikikuta baki hata la kufutia miwani, utahama."

"Bwana, manyoya ya mahameli hulala upande mmoja. Nikigeuza kipande ili kibanane na mwenzake, rangi itatofautiana. Mapengo kati ya vipande hayaepukiki, na hayo ndiyo mabaki."

"Mapengo ni yako. Sharti ni langu."

"Basi tuelewane. Kitambaa chote kikiwa ndani ya koti, huna dai?"

"Sina. Majirani hawa ni mashahidi."

Siku ya harusi Bwana Saadun alifika kwa fundi akifuatana na wakwe wa bintiye. Kabla ya kuvaa, aliinama chini ya meza, akapekua kapu, akakung'uta hata fagio. Hakupata kitu. Alipovaa koti na kujitazama kiooni, alitabasamu: mabega yalikuwa mapana, kifua kimejaa kama cha jemadari.

"Ama kweli umevipanga vipande! Umewezaje kutobakiza?"

"Sikuweza, Bwana. Mabaki yalikuwa mengi."

"Yako wapi?"

Mwajabu alibonyeza bega la koti kwa adabu. "Humu, kati ya mahameli na bitana. Ukiyataka, vua nifumue, wakwe wasubiri."

Bwana Saadun aliwatazama wakwe.

"Usifumue," alinong'ona. "Ila nisaidie kufunga kifungo."