Jina la Slaidi ya Kwanza

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, ni hizi za juzi, kompyuta zilipokwisha kufika Tukuyu na mvua haijui bado kama inapaswa kuziheshimu, palikuwa na chuo kidogo kilichotaka kufundisha makarani programu ya kutunza matoleo. Mnaijua? Msihangaike, naijua mimi kwa niaba yenu. Ukiandika leo, inatunza. Ukifuta kesho, inatunza. Na aliyefuta inamtaja kwa jina, hata akikana kwa machozi.

Mkuu wa chuo, Mama Mwakalinga, akatangaza: "Slaidi za mafunzo zikifaulu, jina moja litakaa slaidi ya kwanza. Mwenye jina hilo ndiye mwalimu wa kozi, na ajira yake ya kudumu."

Moyo wa Tusekile ukapiga teke. Alikuwa akijitolea pale tangu viatu vyake vikiwa vipya, na nyumbani walishamwambia: ukikosa safari hii, rudi uchume chai.

Tusekile akaandika. Slaidi zile ziliandikwa kwanza kwenye mafaili ya maneno matupu, wanayaita chanzo. Somo baada ya somo, kwa Kiswahili ambacho hata bibi yangu angekielewa, naye alikuwa kiziwi.

Ambakisye, mwenzake wa pale chuoni, akatunga amri. Ukiibonyeza inachukua chanzo, inakipika, zinatoka slaidi zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Lugano, wa tatu wao, akachora. Yeye mafaili hakuyataka. Alifungua slaidi zilizokwisha kupikwa, akachora humo humo mgomba na machipukizi yake, kuonyesha kazi moja inavyotoa matawi. Mwe! Ukiuona mgomba ule unatafuta kisu.

Asubuhi ya mafunzo, makarani wameshakaa, Tusekile akaona kosa: mahali pa kusema "tunza" kaandika "futa". Karani akifuata hilo, kazi ya ofisi nzima kwaheri! Akasahihisha kwenye chanzo.

"Kaka Amba, pika tena, haraka!"

Ambakisye akapika. Slaidi mpya zikakalia za zamani. Maneno sawa; mgomba hakuna, hata jani.

"Nani kafyeka shamba langu?" Lugano akapiga kelele.

"Nani alikutuma kulima kwenye sahani?" Ambakisye akamjibu. "Programu inatunza chanzo. Slaidi zilizopikwa niliiambia izipuuze."

"Na mimi hukuniambia!"

"Hukuuliza, bwana!"

Makarani wanacheka. Mama Mwakalinga hacheki.

Basi Lugano akanyakua chaki, akaupanda mgomba upya ubaoni, mbele ya macho yao. Tusekile akawafungulia makarani historia ya mafaili. "Tazameni neno langu bovu lile pale, na jina langu pembeni. Limetunzwa. Mchoro wa kaka huyu haukuingia kwenye chanzo, ndiyo maana umepotea. Msifanye kama sisi." Ambakisye akapiga picha ya ubao kwa simu, akaitia kwenye chanzo, akarekebisha amri, akapika. Chai haijapoa, mgomba umerudi kwenye slaidi, unamulika ukutani.

Karani mmoja mwenye mvi akasimama. "Sasa nimeelewa. Nipisheni nijaribu."

Ukumbi ukapiga makofi, na ugomvi wa jina ukaanza.

"Bila maneno yangu mngepika maji," akasema Tusekile.

"Bila amri yangu maneno yako yangebaki uchi," akasema Ambakisye.

"Bila mgomba wangu wangesinzia wote," akasema Lugano. "Na wewe Dada Tuse, ndiye uliyesema pika bila kuuliza mtu!"

"Na wewe ulichora pasipotunzwa!"

"Na huyu alijua hapatunzwi, akanyamaza!" Lugano akamnyooshea Ambakisye kidole.

"Basi!" Mama Mwakalinga akamsukumia Tusekile kibodi. "Chanzo ni chako, mwanangu. Andika jina moja. Programu itatunza ulichoandika, na kwamba ni wewe uliyeandika."

Tusekile akakaa. Harufu ya majani mabichi ya chai ikamjia puani. Nyuma yake Lugano ana chaki mpaka kwenye nyusi, Ambakisye kidole kiko tayari kupika. Akabonyeza herufi. Akaifuta. Akawatazama wenzake, akacheka kidogo peke yake, akaanza kuandika...

Koh! Koh! Kikohozi changu hiki kimechagua saa yake! Haya, malizieni nyinyi mnaojua kubishana: mwenye maneno, mwenye amri, mwenye mgomba. Ungekuwa wewe kwenye kiti cha Tusekile, ungeandika jina la nani?