Paa Liko Wapi?

"Paukwa."

"Pakawa."

"Mmekula?"

"Tumekula."

"Mmeshiba?"

"Hadithi bado."

Basi sogeeni. Wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa hivi, nikianza sitaki kelele.

Palikuwa na shule porini, na mkuu wake alikuwa Fisi. Aliupataje ukuu? Msiniulize mimi, waulizeni waliomteua. Mwalimu wa kusoma alikuwa Kindi, mwili mdogo, mkia mkubwa, maneno machache. Shule nzima ilikuwa na kishikwambi kimoja kilichounganishwa na mtandao, na ujumbe wa wazazi waliokwenda mbali uliingia humo.

Mwanafunzi mmoja alikuwa Komba mdogo. Mama yake alikuwa amevuka milima kutafuta utomvu wa migunga, maana huku ukame ulikuwa umekausha migunga yote. Komba alimkumbuka mama yake mpaka kifua kikamuuma. Kishikwambi kikilia, ting, yeye mbio ofisini.

"Shikamoo, Mkuu. Mama anasemaje?"

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Bado, Mkuu."

"Basi nakusomea. Anasema, mpe Mkuu ndizi yako."

Komba anatoa ndizi yake ya mchana. Fisi anakula, nyafu nyafu nyafu. Kesho yake, ting, Komba mbio ofisini. Mama anasemaje? Mpe Mkuu ndizi yako. Nyafu nyafu nyafu. Komba anarudi darasani na njaa, akitamani neno moja tu la mama yake ambalo halijapita kinywani mwa Fisi.

Sheria ya shule ilisema hivi: anayefaulu mtihani wa kusoma atafungua ujumbe wake mwenyewe. Lakini mtihani wa Fisi ulikuwa mmoja kwa wote, kifungu kirefu kama utumbo wa tembo. Wakubwa wakaanguka, wadogo wakaanguka, ndizi zote zikaliwa.

Kindi akatunga mtihani mwingine, akauingiza kwenye kishikwambi. Kila mtoto anagusa picha yake, anapata kifungu cha kimo chake. Akipatia, kinachofuata kinakuwa kigumu kidogo. Akikosea, kinakuwa chepesi.

Fisi akakataa. "Mtihani ni mmoja. Ndiyo usawa huo."

"Sawa, Mkuu," Kindi akasema mbele ya darasa zima. "Ila nawe nimekuwekea kifungu, cha hadhi yako. Ukifaulu, tutumie mtihani wako. Ukishindwa, watoto wafanye wangu."

Macho yote yakamtazama. Fisi angekataaje? Akagusa picha yake. Kifungu kikafunguka: *Paa la darasa limeoza. Limeliwa na mchwa. Mtu asipande. Swali: Paa liko wapi?*

Fisi akasoma neno la kwanza. "Pa-a." Mate yakamtoka. Mengine hakuyasoma, ya nini tena?

"Paa," akasema. "Yuko wapi?"

"Liko juu, Mkuu," Kindi akajibu.

"Mnono?"

"Mkuu, soma mpaka mwisho."

"Nitasoma nikishiba. Umesema juu?"

"Juu, Mkuu. Lakini soma."

Fisi alikuwa ameshatoka. Paru paru paru, ukutani. Kacha kacha, juu ya makuti. Halafu kwaaa, halafu puu, Fisi yuko chini katikati ya darasa, mchwa kichwani, na nyonga zake za nyuma hazijanyooka mpaka leo.

"Pole, Mkuu," Kindi akasema. "Umesoma neno moja. Kesho kishikwambi kitakupa kifungu chepesi, utakaa na Sisimizi." Fisi hakuingoja kesho. Alichechemea mpaka vichakani.

Zamu ya Komba ikafika. Kifungu chake kilikuwa na maneno matatu. Akasoma kwa kidole, polepole. "Ndi-zi ni ya-ngu."

"Ndizi ni ya nani?" Kindi akauliza.

"Yangu."

"Umefaulu. Haya, fungua."

Komba akafungua ujumbe wa kwanza. Ulikuwa na neno moja tu: *Umekula?* Akafungua wa pili. *Umekula?* Akafungua wa tatu, wa nne, akaendelea mpaka wa leo asubuhi, na wote ulikuwa ule ule. Siku zote zile za njaa, mama alikuwa akiuliza hilo tu.

Komba akalia. Kindi hakumnyamazisha. Alipomaliza kulia akaandika neno lake la kwanza, herufi moja moja, akalituma kuvuka milima: *Njoo.*

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba watoto wote wapewe mtihani mmoja, mrefu, usiosomeka. Mkuu atashiba, na paa la shule halitatoboka.

Mimi hadithi yangu imeisha, sina nyingine mfukoni.

"Mmekula?"

"Tumekula."

"Basi mwandikieni mama, anangoja kujua."