Kocha Kakakuona na Dawa ya Maji Mdomoni

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele wamekaa?

Wamekaa!

Wa nyuma wanasikia?

Wanasikia!

Na mwenye haraka?

Atangulie! Tutamkuta njiani.

Basi hapo kale, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kila mtu akiwaelewa, palikuwa na klabu ya mpira ikiitwa Vumbi Jekundu. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Mzee Ngiri. Ngiri alikuwa na mke, alikuwa na watoto, na alikuwa na shimo. Shimo lile lilikuwa zuri, jamani. Nje jua likiwaka hata mawe yakalia, ndani mna ubaridi wa mtungini.

Vumbi Jekundu haikukosa wachezaji. Golini alisimama Nyani, mwenye mikono mirefu. Nyuma alisimama Twiga, na mipira yote ya juu ilikuwa yake. Katikati alikuwapo Pundamilia. Mbele alikuwapo Digidigi, mdogo kama kikapu, mwepesi kama umbea. Kila mmoja alijua kucheza. Hakuna aliyejua kucheza na mwenzake.

Wakamwajiri Simba awe kocha. Simba alikuwa mkali, na mazoezini kila mtu alikimbia. Lakini siku ya mechi, wakati wa mapumziko, winga wa kushoto hakuonekana, na Simba alionekana akijilamba midomo. Wakamfukuza. Walimfukuza wakiwa juu ya miti.

Wakamwajiri Duma. Duma akasema, "Nifuateni!" Akakimbia. Hata leo hajarudi.

Wakamwajiri Tausi. Tausi akawafundisha namna ya kushangilia bao. Wakajua kuruka, wakajua kujigaragaza, wakajua kutikisa kiuno kwenye kibendera cha kona. Bao lenyewe halikuja. Wakamfukuza naye.

Ngiri akasimama mbele ya wanachama, akauliza, "Nani sasa atatufundishia timu?"

Kimya.

"Nani, jamani?"

Kimya.

"Hata mmoja?"

Nyuma ya kichuguu ikatoka sauti ndogo. "Naweza kujaribu."

Alikuwa Kakakuona, yule mnyama wa magamba, mwili mzima kama aliyeezekwa.

"Umewahi kufundisha timu gani?" Ngiri akamuuliza.

"Hakuna."

"Umewahi kucheza?"

"Hapana. Watoto wamewahi kunipiga teke tu."

"Sasa mpira umeujulia wapi?"

"Kwa mchwa," akasema Kakakuona. "Mchwa mmoja hawezi kulifikisha bawa la panzi nyumbani. Akichoka humpa mwenzake, na mwenzake amekwisha kufika pale anapotakiwa. Bawa halisimami njiani. Nimewatazama maisha yangu yote."

"Unawatazama tu?"

Kakakuona akaona haya. "Nawatazama kwanza. Halafu nawala."

Ngiri alicheka mpaka pembe zikachimba udongo. Maneno yale yakamwingia. Akampa kazi.

Sasa palikuwa na Nguchiro, mnyama mdogo mwenye domo kubwa. Nguchiro aliutamani uenyekiti, na zaidi ya uenyekiti alilitamani shimo. Akazunguka kijiweni akisema, "Mmesikia? Tumeletewa kocha wa mchwa! Kesho tutaletewa daktari wa viroboto!"

Ikafika mechi ya kwanza. Pundamilia akatoa pasi mbovu. Pasi moja tu! Mashabiki wakalipuka:

"Kocha aondoke!
Aondoke leo!
Jana kachelewa,
Aondoke leo!"

Kakakuona akashtuka. Na Kakakuona akishtuka hufanyaje? Hujikunja. Kichwa ndani, miguu ndani, mkia juu, duara! Benchi lilikuwa kwenye mteremko, basi kocha akabingirika, akabingirika, akabingirika hadi katikati ya uwanja. Sasa uwanjani pana mipira miwili. Twiga akautazama huu, akautazama ule, akapiga wenye magamba. Kocha akapaa kuelekea goli lake mwenyewe. Nyani akaruka, akamdaka vizuri kabisa.

"Mwalimu, ni wewe?" Nyani akauliza.

Na alipokuwa amemkumbatia mwalimu wake, mpira wenyewe ukapita pembeni, taratibu, ukaingia. Siku hiyo walifungwa mabao saba.

Ikaja mechi ya pili. Kosa dogo, na mashabiki tena:

"Kocha aondoke!
Aondoke leo!"

Kocha duara. Safari hii Ngiri alimkanyaga kidogo kwa kwato asibingirike. Wakafungwa manne.

Ikaja mechi ya tatu.

"Kocha aondoke!
Aondoke leo!"

Duara. Wakafungwa mawili kwa moja. Lile moja alilifunga Digidigi, lakini mashabiki hawakuliona, kwa kuwa walikuwa wameligeukia benchi wakimzomea kocha. Hata Ngiri hakuliona. Alikuwa amejifunika uso.

Baada ya mechi hiyo wanachama wakaja mpaka mlangoni pa shimo, Nguchiro mbele.

"Mwenyekiti! Mtimue leo. Usipomtimua, tutakutimua wewe."

"Nimewasikia, ndugu zangu," akasema Ngiri. "Naenda kumwambia."

Akaenda. Alikwenda kwa aibu, na kwa aibu ile akaita polepole, "Hodi, mwalimu."

"Karibu, mwenyekiti."

Loo! Kakakuona alikuwa amekunjuka, amesimama kwa miguu miwili, amepanga vijiwe mchangani. Ngiri hakuwahi kumwona hivyo siku ya mechi.

"Tazama," Kakakuona akasema. "Mechi ya kwanza, Pundamilia alitoa mpira bila kutazama. Mechi ya pili alitazama, akachelewa kutoa. Mechi ya tatu alitazama, akatoa kwa wakati, na Digidigi akafunga. Sasa amebaki Twiga, nimfundishe kuinama."

"Digidigi alifunga?"

"Alifunga. Mimi nililiona, nikichungulia chini ya mkia wangu."

Ngiri akakaa chini. "Mwalimu, kumbe unayajua yote haya! Mbona uwanjani unajikunja?"

"Sipendi, mzee wangu. Jicho likijiwa na kidole hufumba lenyewe, halikuombi ruhusa. Mwili wangu ndivyo ulivyo kwa kelele. Mazoezini pana utulivu, nafundisha. Siku ya mechi watu wangu wenyewe wananikunja, halafu wananiuliza kwa nini nimejikunja."

Ngiri alikuwa amekuja na neno la kufukuza. Akarudi nalo. Njiani akawaza: timu ya mwalimu huyu inakosea, lakini kosa la mechi hii si kosa la mechi ile. Huyu anakwenda mahali.

Akawaambia wanachama, "Abaki. Mechi ijayo tunacheza na watani wetu wa Ng'ambo ya Mto. Tumsubiri mpaka hapo."

"Hakuna kusubiri kwa bure," akasema Nguchiro. "Weka rehani shimo lako. Tukifungwa, mimi naingia shimoni na wewe unalala mchongomani, wewe na wanao."

"Sawa!" mdomo wa Ngiri ukasema. Kichwa chake kikasikia baadaye.

Nyumbani mkewe akamwuliza, "Baba watoto, nasikia umeweka rehani."

"Kitu kidogo tu, mama watoto."

"Kidogo kipi?"

"Hiki tulichomo."

Mkewe akamtazama kutoka kwato hadi masharubu. "Basi kocha wako ashinde. Asiposhinda, utakayebingirika ni wewe."

Ngiri hakula vizuri. Akawaendea mashabiki, akawaomba. "Ndugu zangu, siku hiyo nyamazeni tu."

"Tunyamaze? Sisi?" wakamcheka. "Kwani tunakwenda msibani?"

"Basi muwe na subira kidogo."

"Subira kawape kobe!"

Ngiri akaenda zake, akawaza. Hawa hawataki subira. Wanataka nini? Ah! Mashabiki wa Vumbi Jekundu walikuwa hawasadiki kitu, ila dawa walisadiki. Walikwisha kuingia uwanjani kinyumenyume kwa ajili ya dawa. Walikwisha kuruka ukuta na lango liko wazi. Walikwisha kuzika yai golini, likaanguliwa katikati ya mechi, na kifaranga akazuia penalti.

Akawakusanya tena. Akasema kwa kunong'ona, "Nimepata dawa."

Wote wakasogea. Fisi akauliza, "Dawa ya nani?"

"Siruhusiwi kumtaja."

"Eee! Hiyo ndiyo yenyewe!" akasema Fisi.

"Masharti yake ni haya. Kila shabiki ajaze maji mdomoni kabla ya filimbi ya kwanza. Asimeze. Asiteme. Mpaka filimbi ya mwisho. Atakayevunja sharti, yeye ndiye aliyetufungisha."

"Hatimaye mwenyekiti ameanza kufanya kazi!" wakashangilia.

Siku ya mechi ikafika. Mashabiki wa Ng'ambo ya Mto walikuja na ngoma, walikuja na vuvuzela, wakakaa upande wao wa mbali. Mashabiki wa Vumbi Jekundu waliingia mashavu yametuna. Fisi mashavu yametuna. Ndovu amejaza mkonga. Na Kiboko? Kiboko alijaza bwawa zima, vyura wakabaki wameketi kwenye tope wakitazamana.

Korongo, ndiye mwamuzi, akapuliza filimbi.

Mara Nyumbu wa Ng'ambo akapiga shuti. Bao! Mashabiki wa Vumbi Jekundu macho yakawatoka, machozi yakawatiririka, mashavu yakatetemeka. Hakuna aliyefungua mdomo. Kimya.

Ngiri akageuka kutazama benchi. Kakakuona alikuwa amesimama! Kwa miguu miwili, kucha mbele ya kifua, kama bwana harusi.

"Twiga," akasema kwa sauti yake ndogo, na siku hiyo ikasikika uwanja mzima wa upande wao. "Inama, baba."

Twiga akainama. Nyani akamrushia Twiga mpira wa chini, Twiga akampa Pundamilia, Pundamilia akatazama, akampa Digidigi, na Digidigi alikwisha kufika pale anapotakiwa. Mpira haukusimama njiani. Bao! Moja kwa moja!

Mashabiki walitaka kupasuka. Wakapiga miguu chini, wakakumbatiana, wakapigana mashavu kwa mashavu. Maji yakacheza ndani, hayakutoka.

Nguchiro akaona shimo linamponyoka. Zikiwa zimebaki dakika chache, akayatema maji yake, puu! Akapanda jiwe, akapayuka:

"Kocha aondoke!
Aondoke leo!"

Kakakuona akashtuka. Kichwa kikaanza kuingia. Ngiri akaona mkia unapanda, akauona usiku wa mchongomani, akawaona wanawe wamejikunyata mvuani. Alitaka kulia, lakini naye alikuwa na maji mdomoni.

Kiboko hakusema neno. Angesemaje? Alisogea tu, hatua kwa hatua, mpaka aliposimama Nguchiro. Akakaa.

"Jana kachele..." ikasikika kutoka chini ya Kiboko. Halafu haikusikika tena.

Kimya kikarudi. Mkia wa Kakakuona ukashuka. Kichwa kikatoka, jicho moja, kisha la pili. "Tulikuwa tumefikia wapi?" akauliza. "Ndiyo. Pundamilia, pasi ile ya vijiwe."

Pundamilia kwa Twiga. Twiga kwa Pundamilia. Pundamilia kwa Digidigi. Digidigi akapita chini ya tumbo la Nyumbu bila hata kuinama. Bao! Mawili kwa moja! Korongo akapuliza filimbi ya mwisho.

Na hapo, wasikilizaji wangu, midomo yote ikafunguka kwa pamoja.

Pwaaaa! Maji ya Fisi, maji ya Ndovu, maji ya Swala na Sungura na Pimbi. Na Kiboko alipofungua mdomo, mafuriko! Ngoma za Ng'ambo zikaelea, vuvuzela zikaelea, mashabiki wao wakaelea, wakarudishwa kwao ng'ambo ya mto bila kulipa nauli. Korongo naye alipuliza filimbi, ikatoa samaki.

Kiboko alipoinuka, Nguchiro alitoka bapa kama ndala. Akajikokota kwenda kwao, na habari ya shimo hakuitaja tena.

Mashabiki wakambeba Ngiri. "Mzee, sasa tutajie huyo mganga!"

"Hakuna mganga," akasema Ngiri. "Yalikuwa maji tu. Nilitaka mnyamaze, mwalimu afanye kazi."

Wakatazamana. Kisha Fisi akamkonyeza. "Tumekuelewa, mzee. Huruhusiwi kumtaja. Basi tuambie masharti ya mechi ijayo."

Ngiri akavuta pumzi. "Ni yaleyale," akasema.

Jioni ile aliingia shimoni kwake kinyumenyume, kama waingiavyo ngiri wote mpaka leo, ili aendelee kuutazama uwanja. Mkewe akamwambia, "Sogea basi, baba watoto, umeuziba mlango, na sisi tumwone huyo kocha wetu."

Hadithi hii yatufunza hivi. Ukimpa mtu kazi, mpe na nafasi ya kuifanya. Usimkunje kwa kelele, halafu ukamlaumu kwamba amejikunja. Na kusubiri si kufumba macho. Tazama kosa lake. Likiwa lilelile kila siku, huyo amepiga kambi. Likiwa jipya, na dogo kuliko la jana, huyo yuko safarini, mwache afike.

Nami nimefika. Hadithi ikiwa tamu, nendeni nayo mkagawane majumbani. Ikiwa chachu, niachieni, nitaila mwenyewe.