Chumvi ya Bwana Pembeni mwa Tembe

Tulieni, enyi kusanyiko la Bwana. Aliyesimama mlangoni na aingie, na mama mwenye mtoto aliaye na amnyonyeshe papo hapo alipo. Najua mmetoka mbali, na vumbi la njia lingali miguuni mwenu. Sitawasimamisha tena kuimba. Tegeni masikio tu, kwa maana neno la leo ni la watu waliochoka.

Inasimuliwa kwamba hapo kale, Injili ilipokuwa ingali changa katika nchi kame ya Ugogo, waliishi kando ya mbuga ya chumvi waja wawili wa Mungu, Zakayo Ndahani na mkewe Persida. Kazi yao ilikuwa ile ya baba zao. Wakati wa kiangazi walikwangua udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji, kisha wakayachemsha maji yale hata yakakauka na kuacha chumvi chunguni. Ni kazi ya moshi na machozi. Kwa chumvi hiyo walipata nafaka kutoka kwa watu wa milimani, kwa kuwa mashamba ya nchi ile huahidi mengi na kutoa machache.

Wazee wa kanisa walikuwa wameweka desturi njema. Chumvi ilipotoka chunguni, mwenye nyumba aliipima kwa kibuyu, na kila kibuyu cha kumi kilikuwa cha Bwana. Siku ya Jumapili fungu hilo lilipelekwa kanisani na kuwekwa uchagani, juu ya moto usiozimwa, maana chumvi isiyopata moshi huvuta unyevu ikayeyuka. Mvua zilipokaribia, Mwalimu Hosea, mchungaji wa kundi lile, aliibeba chumvi hiyo hadi milimani, akarudi na mtama wa wajane na yatima. Hivyo fungu la kumi halikuwa neno la mimbarini tu. Lilikuwa uji kinywani mwa mtu.

Zakayo alitoa kwa uaminifu miaka mingi. Lakini mwaka mmoja uchovu ulimwingia mifupani. Njia ya kanisani ilikatiza mbuga nzima, pasipo mti wala kivuli. Jumapili moja alikishika kibuyu, akakitazama, akakirudisha chini.

"Mama Yusto," akasema, "leo siendi nacho. Tutakusanya, tukapeleke yote siku Mwalimu atakapofunga safari. Mzigo mmoja mkubwa, kanisa zima lione. Kwani Bwana analamba chumvi kila Jumapili?"

Persida alikuwa akipuliza moto. Hakugeuka. "Na wewe, Baba Yusto, ugali unakula kila siku wa nini? Si ungengoja sikukuu, ukaumaliza wote kwa mara moja!"

Zakayo alicheka sana, lakini kibuyu hakukiinua.

Ikawa hivyo Jumapili ile, na iliyofuata, na zilizofuata. Fungu la Bwana lilitengwa, wala hakuna aliyeliiba. Ila uchaga wa nyumbani ulikuwa umejaa chumvi yao wenyewe. Kwa hiyo ile ya Bwana ilitiwa katika chungu kikubwa kilichowekwa pembeni mwa tembe, nyumba yao ya paa la udongo, mbali na meko.

"Mbona yetu iko motoni, na ya Bwana iko baridini?" Persida aliuliza.

"Ni ya muda tu, mke wangu. Nimechoka, usinichoshe zaidi."

Ndugu zangu, Waisraeli nao walipewa mana ya siku kwa siku. Waliotaka kuiweka hata kesho waliamka wakakuta mabuu. Lakini nani hukumbuka mana akiwa amechoka?

Mwaka ule mvua ziliwahi. Zilishuka adhuhuri, wote wawili wakiwa mbugani, na paa la udongo la tembe huanza kuvuja pembeni. Walipofika mbio nyumbani walikuta chungu kimejaa maji ya matope na kufurika, na mbuzi waliokimbilia ndani wakilamba sakafu kwa furaha. Juu ya meko, chumvi ya Zakayo ilikuwa kavu kama mfupa.

Kesho yake Mwalimu Hosea alipiga hodi. Alikuwa amekonda, na kikapu chake kilikuwa na chumvi kidogo, maana wengine nao walikuwa wamechoka mwaka ule.

"Amani kwenu. Naondoka kabla njia haijawa tope," akasema. "Bibi Nyemo na wajukuu zake wameanza kuchemsha mizizi. Je, Zakayo, mmejaliwa nini?"

Hapo ndipo nafsi ya mja ilipotiwa katika mizani. Uongo ulikuwa tayari ulimini: aseme kiangazi kilikuwa kibaya, na hakuna ambaye angemhoji. Na akisema kweli, atalipa kwa kitu gani, ila kwa ile ya uchagani, iliyo chakula cha watoto wake? Alimtazama mkewe. Persida aliinamisha macho, akawaachia neno hilo Mungu na mumewe.

"Mwalimu," Zakayo akasema, "fungu la Bwana limelambwa na mbuzi."

Hosea akawatazama mbuzi kwa kitambo. "Nao wamebatizwa lini hawa?" Kisha uso wake ukawa mzito. "Na fungu lako wewe?"

"Langu ni kavu, Mwalimu. Liko juu ya meko."

Zakayo aliyasikia maneno yake mwenyewe, akalia. Akapanda uchagani, akaanza kuteremsha vyote, kibuyu baada ya kibuyu, akisema, "Chukua, chukua yote, nimemdharau Mungu wangu."

Lakini Hosea alimshika mkono. Katika ile chumvi kavu alipima kiasi cha lile fungu lililopotea, akaongeza sehemu ya tano juu yake, kama torati inavyomtaka mtu akomboaye zaka yake. Kilichobaki akakirudisha.

"Hiki ni cha watoto wako. Sikuja kukufilisi leo ili upumzike mwaka mzima. Mimi nataka Jumapili yako."

Miezi ile ilikuwa migumu. Chumvi haikwanguliwa tena, kwa kuwa mbuga ilikuwa maji. Persida alitenga katika unga wao mchache, na Zakayo akaubeba kila Jumapili katika tope la magotini. Haisimuliwi kwamba ghala lao lilijaa kwa muujiza. Inasimuliwa tu kwamba Bibi Nyemo na wajukuu zake waliyaona mavuno.

Uzeeni Zakayo aliulizwa, "Baba, hukuchoka tena?"

Akajibu, "Nilichoka kila Jumapili. Nikaenda nimechoka."

Enyi mlio mbele yangu, Mungu anayajua mabega yenu, wala hawadhihaki ninyi mliochoka. Lakini msimwekee fungu lake pembeni panapovuja, huku vyenu vikikaa motoni. Wewe uliyesema, "Nitatoa mambo yakiwa mepesi," geuka leo. Ukifika nyumbani, kabla hujaonja, tenga fungu la Bwana. Usingoje nguvu zirudi. Jumapili ijayo njoo nalo mkononi, na ile itakayofuata uje tena, hata kama utakuja umechoka.