Mtani Aliyekalia Sanduku

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, huko Songea palikuwa na binti wa Kingoni aliyeitwa Otilia Mbano. Mimi pia ni Mngoni, kwa hiyo nikimsema Mhehe, mtani wetu, humu ndani msiniamini sana.

Otilia alisomea uhusiano wa mataifa. Wenzake walisoma wapate ubalozi na safari za ndege. Yeye alipenda nadharia, yaani kuuliza kwa nini mataifa yanapigana na kwa nini yanaacha. Alitaka shahada ya uzamivu, na vyuo vitatu vikamkubali kwa mpigo, vyote vikitaka jibu Jumatatu. Basi Jumamosi mbuzi akachinjwa, pombe ya ulanzi ikaletwa, ukoo ukajaa uani.

Ndipo Otilia, furaha ikiwa imemzidi kimo, akasimama mbele ya watu wote akasema, "Jamani, swali ninalokwenda kulisomea sikulizaa peke yangu. Aliyenipa swali hili ndiye atakayenitajia chuo, nami nitakwenda."

Alidhani anatoa shukrani. Alidhani ni mtu mmoja. Watu watatu wakasimama.

Wa kwanza alikuwa bibi yake, Bibi Leokadia. Akasema, "Swali ni langu. Babu yako alipofariki, mtani wetu Kihwele aliingia kaburini akalala humo, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Ulikuwa mdogo. Ukaniuliza, Bibi, mbona Mhehe huyu anatuchezea msiba na hakuna anayempiga? Nikakwambia, babu zake na babu zetu walichinjana, na walipochoka kuchinjana wakataniana. Tangu siku ile hukuacha kuuliza. Basi mimi nataja chuo cha hapa hapa nchini. Kila likizo utakuja nikusimulie yaliyobaki, maana yaliyobaki ni mengi kuliko siku zangu."

Watu wakasema, "Bibi amesema kweli."

Wa pili alikuwa Dokta Nditi, aliyemfundisha Otilia shahada zake mbili. Akasema, "Shikamoo Bibi, lakini wewe ulimpa hadithi. Swali alilipata kwangu. Nilikuwa nafundisha yale ya wanazuoni wakubwa, kwamba mataifa hayana chifu juu yao, kwa hiyo kila moja hulala jicho wazi likimhofia jirani. Huyu akanyoosha mkono akasema, Mwalimu, Songea na Iringa hatukuwa na chifu mmoja juu yetu, na leo tunalala fofofo. Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, kaliandike hilo, na nikamsahihisha mpaka hadithi ikawa nadharia. Basi mimi nataja chuo cha ng'ambo, kule kwenye baridi, kwa wenyewe walioandika vitabu vya hofu. Akabishane nao mlangoni pao. Akibishana akiwa huku, nani atamsikia?"

Watu wakasema, "Dokta naye amesema kweli."

Wa tatu alikuwa Kihwele mwenyewe, yule wa kaburini. Aliingia ndani, akaliburuta sanduku jipya la Otilia mpaka uani, akalikalia. Mnajua desturi: mtani akikamata kitu, hakitoki mpaka kikombolewe, na kumkasirikia ni aibu yako.

"Mleteeni kuku," akasema Bibi.

"Kuku sitaki, na mbuzi wenu nimeshamla," akasema Kihwele. "Mwaka jana mateka wangu huyu aliandika andiko lake la kuombea nafasi, vyuo vyote vikalikataa. Akaja kwangu analia. Nikalisoma. Eti Wangoni walishinda vita, kisha wakatusamehe, ndipo utani ukazaliwa."

Hapo Wangoni tukapiga makofi, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Nikamwambia, utani gani wa upande mmoja? Nikampeleka Iringa kwa wazee wangu. Wakamsimulia vita vile vile, na walioshinda ni wao, na waliosamehe ni wao. Alicheka njia nzima ya kurudi. Kisha akaandika upya, kwamba tulipatana kwa sababu hakuna aliyetoa hukumu, kila upande ukabaki na ushindi wake na ruhusa ya kuutambia. Andiko hilo ndilo lililokubaliwa. Basi mimi nataja kile chuo kipya cha nchi jirani, kwa watu waliopigana juzi, ambako vijana wa pande mbili wanakaa dawati moja na hawasalimiani. Sisi mkuki tumeshausahau, kucheka kwetu ni rahisi. Kama swali lake lina ukweli, litajulikana kule."

Watu wakatazamana. Wakasema, "Mhehe naye, kwa leo tu, amesema kweli."

Otilia alicheka huku machozi yanamtoka. Akimsikiliza Bibi, wenye vitabu vya hofu hawatamjua. Akimsikiliza Dokta, huenda Bibi akazikwa na hadithi zake. Akimsikiliza Kihwele, atafika mahali ambapo swali lake linahitajika kuliko kokote, lakini chuo ni kichanga na hakina mwalimu wa nadharia wa kumwongoza.

"Kwani siwezi kuchagua mwenyewe?" akauliza.

"Ulisema mwenyewe," wakajibu wote watatu, na kwa hilo tu walikubaliana.

Bibi Leokadia akamchapa Kihwele kwa ncha ya kanga. Kihwele akajinyoosha juu ya sanduku kama aliyefika kwake. Dokta Nditi akaomba ulanzi mwingine. Ngoma ikaanza, Otilia akaingia kucheza, na kila alipopita alilitupia jicho sanduku lake.

Nami nawauliza ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza. Mmoja alilipanda swali, mmoja alilinyoosha, mmoja alilipa upande wake wa pili. Je, nani alistahili kumtajia Otilia chuo? Na mkishindwa kujibu, nani atamwinua Mhehe yule?