Nguvu Ishirini za Kumkwamua Kifaru

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mnaodaiwa kodi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na serikali na serikali ina karani, Kifaru alishuka mtoni kunywa maji. Mguu wa kwanza, tope. Wa pili, tope. Wa nne ulipoingia, dubwi! Akazama hadi tumboni.

Huko milimani mvua inanguruma. Ngu-ru-ru! Ngu-ru-ru! Gharika iko njiani. Kifaru akaisikia. Moyo ukamwenda mbio. Miguu haikwenda popote.

"Nakufaaa!"

Wanyama wakaja. Wa kwanza Karani Korongo, daftari kwapani, maana bila karani hakuna msiba unaotambulika.

"Jina?"

"Korongo, juzi tumekula pamoja!"

"Jina, bwana."

"Kifaru."

"Kifaru mmoja," akaandika Korongo. "Kumtoa, nguvu kumi na tano. Tembo, unazo ngapi?"

"Kumi."

"Kiboko?"

"Kumi. Na huyo mtani wangu amejipendelea, hana hata sita."

"Kumi na kumi, ishirini. Zimezidi! Vuteni."

Sasa nchi ile ilikuwa na desturi. Ukingo wa mashariki ni wa akina Tembo, wa magharibi wa akina Kiboko. Kufanya kazi kwenye ukingo wa mwenzio ni aibu ya ukoo mzima. Basi Kifaru akafungwa kamba mbili mbavuni: Tembo akashika moja mashariki, Kiboko akashika ya pili magharibi, Kifaru yuko kati.

"Haraaambee!"

Kamba zikakaza, kwi-kwi-kwi! Tembo anatoa jasho. Kiboko anatoa jasho. Kifaru hasogei hata shibiri. Mbavu zinalia, kwa! kwa! Macho yakamtoka. Aliwahi kupigwa pembe, aliwahi kuchomwa mkuki, lakini hakuwahi kuuawa na waokoaji.

"Acheni! Hamnivuti mimi! Mnavutana ninyi kwa ninyi!"

"Malalamiko yaletwe kwa maandishi," akasema Korongo. "Hesabu yangu ni sahihi. Ishirini ni ishirini."

"Haraaambee!"

Ngu-ru-ru! Maji yakafika kifuani.

Mara, pwaa! Kamba ya Kiboko ikakatika. Kiboko akaanguka chali, miguu juu. Na Kifaru? Kifaru akachomoka hatua nzima kuelekea mashariki!

Korongo akafungua daftari, akahesabu upya.

"Haiwezekani," Korongo akanong'ona. "Nguvu zimepungua, naye amesogea!"

Kifaru mwenyewe alikuwa ameduwaa. Akatazama kamba iliyobaki. Akatazama ile iliyokatika. Mbavu zake zikamweleza kile ambacho daftari halikukisema.

"Kiboko! Vuka huku! Ushike kamba ya Tembo!"

"Mimi? Ukingo wa Tembo? Wakwe zangu wataniona!"

"Vuka, mtani," Tembo akahema. "Nitakutukana kesho. Leo peke yangu siwezi."

Maji yakafika shingoni. Kiboko akawatazama wakwe zake, akamtazama Kifaru, akajitosa, chubwi! Akaibukia mashariki, akashika kamba nyuma ya Tembo.

"Haraaambee!"

Fyoooo! Kifaru akatoka kama jino bovu, akatua ukingoni puu! Hapohapo gharika ikapita, wuuuu! Pale alipokuwa amesimama pakawa maji matupu.

Korongo alibaki mdomo wazi. Kwa Korongo, huo ni uwazi mkubwa.

"Kwanza ishirini, hukutoka. Sasa ishirini, umetoka. Kilichobadilika ni nini?"

"Uelekeo," akasema Kifaru.

"Daftari langu halina nafasi ya uelekeo."

"Nimejua. Nilikuwa nafia kwenye nafasi hiyo."

Basi wakubwa kwa watoto, shikeni hili. Vibaba vitatu vya mtama na vinne ni saba, umimine kutoka upande wowote. Kitu cha namna hiyo, kinachotosheka na kiasi tu, wasomi hukiita skala. Lakini nguvu ina kiasi na ina uso. Hiyo huitwa vekta. Kumi ikitazama mashariki na kumi ikitazama magharibi, jumla yake ni sifuri, na mbavu za mtu zimo ndani ya hiyo sifuri. Usihesabu wanaokusaidia kabla hujaona wanavuta kuelekea wapi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni.