Dakika ya Mwisho Bombani

Umeshapita Newala, usiseme hujapita. Uliwaona akina mama wakipandisha ndoo kutoka bondeni, shingo zimewakakamaa, nawe ukapandisha kioo cha gari na kuuliza bei ya korosho. Uongo hunenepa kwa watu wanaogeuza uso kama wewe. Hata hivyo, wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi: atembee kwa madaha atakavyo, hafiki mbali. Mwanafunzi mmoja wa Masasi aliipima njia hiyo, akaikuta ina urefu wa dakika moja.

Paskalia alikuwa kidato cha tano. Mwalimu wake, Gerson, mtu wa Kagera, aliwapa wanafunzi kazi ya kutengeneza filamu ya mambo ya kweli huko Newala, akawawekea masharti matatu. "Ombeni ruhusa. Msimpangie mtu la kufanya. Na kabla hamjaondoka mahali popote, acheni kamera inase dakika nzima, ninyi mmenyamaza. Sauti ya mahali ndiyo gundi ya kuunganishia picha."

"Yaani twende mpaka Newala kurekodi kimya?" Fortunatus, mwenzake Paskalia katika kazi hiyo, alicheka. "Mwalimu, mbona hata hapa kipo?"

"Cha hapa ni cha Masasi," Mwalimu alijibu.

Kijiji walikokwenda sikitaji; wenyewe wanajijua. Maji ya bomba waliahidiwa bibi zao wakiwa wasichana, wakaja kuahidiwa mama zao, na kila ahadi ilikuja na jiwe lake la msingi. Safari hii bomba lilisimama kweli, chini ya tangi lililopakwa rangi ya buluu. Ijumaa wageni wa wilaya wangekuja kutia saini kwamba mradi umekamilika. Saini ikishatiwa, kijiji kinafutwa kwenye orodha ya wanaosubiri maji.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, wanangu!" Mwenyekiti Pancras aliwapokea kwa bashasha, akasaini fomu ya ruhusa bila kuisoma. "Pigeni kila kitu mpaka mchoke. Filamu hii ndiyo tutakayowaonyesha wageni."

Wanawake walikuwa wamekwisha pangwa mstari, wamevaa kanga mpya kama wanaomsubiri bwana harusi. Bomba likafunguliwa, maji yakaruka. Mwenyekiti akasimama mbele ya kamera, kifua mbele. "Hapa maji yanatoka asubuhi na jioni. Bondeni tumeshapasahau!" Wakapiga makofi. Lakini Paskalia aliitazama njia ya kushukia bondeni. Ilikuwa nyeupe kwa kukanyagwa, haijaota hata jani.

"Tumemaliza," alisema Fortunatus. "Gari litatuacha."

"Bado dakika yetu. Mwenyekiti, tunarekodi dakika moja ya mwisho."

"Rekodini tu." Mwenyekiti alitazama mbele ya kamera, asimwone mtu. Kwake yeye, kamera isiyo na mtu mbele yake ilikuwa kama redio isiyo na betri. Akawapa mgongo.

Bomba lilikohoa.

"Fungeni!" Mwenyekiti alifoka. "Boza lililotuletea maji lilikuwa moja, yasije yakaisha leo. Maji yote yarudi tangini."

Mama Loyce, mwanamke mwenye nyonga mbovu, aliikumbatia ndoo yake. "Hata haya, Mwenyekiti? Mwenzio kushuka bondeni ni nusu siku."

"Mwaga, Mama Loyce! Ijumaa wageni watakunywa nini, hadithi zako?"

"Basi mtuvue na kanga, maana nazo ni za maonyesho."

Wenzake walicheka kicheko kichungu kama shubiri. Ndoo zikapandishwa ngazini mkono kwa mkono, zikamwagwa tangini moja baada ya nyingine. Dakika ikatimia.

Walipokuwa wakihariri filamu, Fortunatus alitokwa jasho. "Kata hapo! Tutaitwa wachochezi."

Mwalimu Gerson aliirudisha picha nyuma, akaitazama tena. "Mimi ni mtumishi, kesho naweza kuhamishwa," alisema mwishowe. "Lakini masharti niliyaweka mwenyewe. Yule mama anasemaje?"

Paskalia alirudi Newala kumwomba ruhusa. Mama Loyce alimsikiliza, akaguna. "Mwanangu, nimemwaga maji yangu mbele ya kijiji kizima. Aibu gani imebaki? Onyesha."

Ijumaa filamu ilionyeshwa mbele ya wageni, kwenye ukuta wa darasa la kijijini. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa raha kila alipojiona. Kisha sura yake ikatoweka, likabaki bomba peke yake, likikohoa. Sauti ya Mwenyekiti ikajaa darasani: "Boza lililotuletea maji lilikuwa moja!"

Aliruka kama aliyekalia siafu. "Zimeni! Hiyo si filamu, kamera haikuwa na mtu!"

"Ilikuwa na bomba," alisema Mama Loyce.

Ndoo ya mwisho ilipomwagwa kwenye picha pale ukutani, mhandisi wa wilaya alifunika kalamu yake. Hakutia saini.

Kijiji kimebaki kwenye orodha. Maji hayajafika, na Mama Loyce angali anashuka bondeni, kwa hiyo usinipigie makofi. Nenda leo kwenye bomba la mtaa wako, lile lililozinduliwa kwa ngoma na utepe. Lifungue, usimame dakika moja, usikilize. Kisha nenda ofisini ukayaseme uliyoyasikia, na usitoke mpaka yameandikwa. Teremsha kioo cha gari, toa kichwa utazame, nawe utashuhudia kuwa njia ya mwongo ni fupi.